Tupeane uzoefu: hofu ya kupimwa aleji kwa kutobolewa ngozi

Mama Nasra: Nimepangiwa kipimo cha aleji wiki ijayo, na tangu nipewe tarehe usingizi umenipaa. Mimi ni mgonjwa wa pumu. Kinachonitisha si sindano, bali kuwekewa kwa makusudi kitu kile kile kinachonibana kifua. Mliopitia, naomba mnieleze.

Babu Tanga: Umenikumbusha mbali, mwanangu. Nesi aliniandika namba mkononi kwa kalamu, akadondosha tone pembeni ya kila namba, kisha akalitoboa kila tone kwa kisindano kifupi ambacho hata damu hakikutoa. Maumivu hayakuwapo, kazi ilikuwa kungoja robo saa bila kujikuna. Mara namba ya kwanza ikavimba na kuwasha, nami kila nikimeza mate najipapasa koo, nikiamini kwamba ndiyo safari. Nilipomwita nesi, alinijibu bila kuinua kichwa kwamba tone hilo ni la histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa aleji, na kwa kawaida humvimbisha kila mtu, na kwamba lisipovimba ndipo kipimo hakiaminiki.

Binti wa Pwani: Kweli kabisa, mtihani ni huko kungoja.

Fundi Saidi: Meza piritoni asubuhi hiyo, hutawashwa.

Neema K: Kaka, tafadhali usimpotoshe. Piritoni na setirizini ni dawa za aleji na huzuia ngozi kuvimba, hivyo majibu yataonyesha kwamba hana aleji. Ndiyo maana daktari huelekeza ziachwe siku kadhaa kabla, mara nyingi wiki nzima.

Fundi Saidi: Nilishauri kwa nia njema.

Neema K: Nia njema haisomeki kwenye ngozi.

Abuu: Mnaogopa tone! Shemeji yangu alikula kamba arusini, na kabla hajamaliza sahani midomo ilivimba na sauti ikakauka, mpaka alipochomwa pajani adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali. Kipimo cha ngozi alikikataa katakata, akapimwa damu.

Binti wa Pwani: Je, pweza anakula?

Abuu: Pweza anakula, ila kaa hamgusi.

Mama Nasra: Ndugu zangu, mmeshahamia arusini. Hicho cha damu nacho kinataka niache dawa?

Neema K: Hapana, dada. Kwa cha ngozi, dawa ya pumu ya kuvuta usiiache bila daktari kukuambia, na kifua kikibana siku hiyo sema mapema, kwani kipimo huahirishwa. Uliza pia kama adrenalini ipo karibu.

Babu Tanga: Na uende na mtu wa kukushika mkono wa pili, usije ukajikuna.