Sweta ya kipande kimoja kutoka shingoni, au vipande vya kuunganisha: kipi kinamfaa mbunifu?

UziMwembamba
Ndugu wafumaji, kwa miaka mingi nimefuma kwa maelekezo ya wabunifu wengine, na sasa nimeanza kuandika ya kwangu. Sweta yangu ya kwanza ina mkanda wa misuko kifuani, nami nakusudia kuiandikia saizi 9, kuanzia kifua cha sentimita 80 hadi 130. Nimekwama katika uamuzi wa msingi: niifume kwa kipande kimoja kinachoteremka kutoka shingoni kwenye sindano ya duara, au nifume mgongo, kifua na mikono kila kimoja peke yake, kisha nishone? Njia ya kwanza naipenda kwa sababu mtu huweza kuijaribu mwilini ikiwa bado iko sindanoni, lakini nimeona sweta za kushonwa zikitulia mabegani kwa namna ambayo yangu haijawahi kutulia. Uzi ni wa pamba.

Kitanzi Kimoja
Pamba uliyoitaja mwishoni ndiyo ningeanza nayo. Sufu hunyumbuka na kurudi mahali pake, ilhali pamba ni nzito, hainyumbuki sana, na ikilowa huvutwa chini na uzito wake wenyewe. Kwa hiyo mshono wa bega na ule wa nyuma ya shingo ndio unaobeba vazi zima. Niliwahi kufuma sweta ya pamba isiyo na mshono hata mmoja, nayo baada ya kufuliwa mara chache mikono yake ilifunika vidole vyangu. Niliiokoa kwa kupitisha mnyororo wa kroshia kwa upande wa ndani, kutoka bega moja hadi jingine, nikiubana kidogo kila baada ya vitanzi vichache, na shingo ikarudi mahali pake.

Mpimaji
Mimi nakuomba upige hesabu kabla ya kuamua, kwa sababu saizi kubwa ndizo zinazofichua udhaifu wa raglani, yaani ile mikono yenye mstari wa mshazari kutoka kwapani hadi shingoni. Kwa kawaida huongezwa vitanzi 8 kila baada ya mizunguko 2, na 4 kati yake ni vya kiwiliwili. Tuchukue kipimo cha vitanzi 22 na mizunguko 30 kwa kila sentimita 10: kifua cha sentimita 130 kinahitaji vitanzi 286. Ukianza na vitanzi 70 vya mbele na nyuma, na ukaongeza 28 chini ya makwapa yote mawili, utabakiwa na 188 vya kupata kwa kuongeza, ambavyo ni awamu 47, yaani mizunguko 94, na hiyo ni zaidi ya sentimita 31 za kina. Hakuna kwapa linalohitaji kina hicho, na mkono nao utakuwa umepanuka kupita kiasi. Dawa ipo, nayo ni kuongeza kiwiliwili kwa kasi kuliko mikono, lakini itakulazimu uandike mpangilio tofauti kwa karibu kila saizi. Katika vipande, kwapa na mkono hupimwa kila kimoja kwa haki yake.

FumuaTena
Hoja hizo nazikubali, ila tusiwasahau watakaofuma. Wapo wengi wanaoifikisha sweta mwisho kisha wakaiacha kabatini kwa kuogopa kushona, na kwao kipande kimoja ni ukombozi. Elizabeth Zimmermann, mfumaji na mwandishi wa vitabu vya ufumaji, aliitetea njia hiyo Marekani kwa miongo mingi, naye alijua alichokisema. Ukiichagua, kipande kidogo cha majaribio, kile cha kuhesabia vitanzi kwa sentimita, nacho kifumwe kwa mzunguko, maana mikono ya wafumaji wengi hulegea katika safu za kurudi nyuma, ambazo kwenye mzunguko hazipo. Vitanzi 220 kwa kipimo cha 22 hutoa sentimita 100, lakini mkono ukilegea hadi 20, vilevile 220 hutoa 110.

UziMwembamba
Nawashukuru kwa dhati. Nimepiga hesabu ya Mpimaji kwa saizi zangu 3 za juu, na zote zimenipa kwapa refu mno; pamoja na suala la pamba, nimeamua kufuma vipande. Hofu ya kushona aliyoitaja FumuaTena nimeichukulia kwa uzito, hivyo kila ukingo nitauachia kitanzi kimoja cha wazi, ili mshonaji aone dhahiri pa kupitisha sindano, na mabega nitayafunga kwa kuunganisha vitanzi vilivyo hai, yaani ambavyo bado viko sindanoni, kwa sindano ya tatu. Mgongo wa saizi ya kati nimeuanza jana usiku. Umefika sentimita 12 juu ya ukingo, nami nitaulowesha na kuuning'iniza ukiwa na maji yake, nione unavutika kiasi gani kabla sijaandika urefu wowote katika maelekezo.