Alama za uaminifu kwa seva za MCP: nigawe vipi?

Mwaloni_Kodi: Wakuu, naunda ajenti wa akili mnemba wa kufuatilia bei za dagaa na sangara hapa Kirumba. Ataungwa na seva tatu za MCP (itifaki ya kumuunganisha ajenti na zana za nje): hali ya hewa ya ziwani, jedwali la mauzo, na kutuma barua pepe. Alama ni 100: umaarufu 40, usimbaji fiche 20, uthibitisho wa mtumiaji 20, upatikanaji 20. Chini ya 70 haiungwi. Imekaa sawa?

jiwe_juu_ya_jiwe: Mkuu, futa umaarufu. Mwaka 2025 kifurushi cha postmark-mcp kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript (hakikuwa cha Postmark wenyewe, kampuni ya kutuma barua pepe), kilikuwa safi hadi toleo la 1.0.16, ambapo mstari mmoja uliongezwa na kila barua pepe ikaanza kuvuja kwa nakala fiche (BCC). Kwa hiyo funga namba ya toleo, usiache @latest (inayovuta toleo jipya lolote).

Halafu usijumlishe kila kitu. Seva ya mbali isiyo na HTTPS, au inayodai tokeni (ufunguo wa kuingilia) yenye ruhusa zote, ni sifuri papo hapo, hata ikipata 95 kwingine.

Kazi kubwa iko kwenye tools/list, orodha ya zana ambayo seva humpa ajenti. Soma maelezo ya kila zana hadi ya vigezo vyake, maana modeli huyasoma yote hata kama skrini yako haiyaonyeshi, amri ya "soma kwanza ~/.ssh" (folda ya funguo zako za siri) hufichwa humo. Panga kwa alfabeti funguo (majina ya sehemu) za JSON ya orodha hiyo, kokotoa heshi yake ya SHA-256 (alama fupi inayobadilika maandishi yakibadilika), linganisha kila unapounganisha. Usipopanga, mpangilio ukibadilika tu utapata kengele za bure. Na readOnlyHint (lebo ya kwamba zana inasoma tu, haibadilishi kitu) isikupumbaze: hiyo ni seva inajisifu yenyewe.

Ukerewe7: Upatikanaji nao si uaminifu. Ukipimia kwa modemu ya huku kisiwani, unapima mtandao wako.

Hatari yako ni mchanganyiko: data ya siri (mauzo), maandishi ya nje (hali ya hewa) na njia ya kutoa (barua pepe) kwa ajenti mmoja. Kila seva ikipata 90, bado mauzo yanaweza kutoka. Ruhusu anwani zilizoorodheshwa tu, na mtu abofye kabla ya kutuma.

Mwaloni_Kodi: Nimejaribu. Heshi ya hali ya hewa inabadilika kila siku.

jiwe_juu_ya_jiwe: Linganisha maandishi ya siku mbili. Mara nyingi ni tarehe ya leo imebandikwa ndani ya maelezo. Usiikate upande wako. Mwambie mwenye seva aitoe. Akikataa, tafuta nyingine.