Nimeuziwa balbu za taa za 100/90 ndani ya boksi la 60/55, soketi imeyeyuka usiku Chalinze nikiwa na familia!!

Wakuu naandika hii nikiwa na hasira, na hasira zenyewe zina siku tatu sasa.

Gari yangu ni IST, zile za balbu za H4, balbu moja ndani ina nyuzi mbili, dimu na fulu. Wiki mbili zilizopita dimu ya upande wa dereva ikafa. Kitu cha kawaida, balbu zinakufa. Nikapita duka moja la spea Ilala nikamwambia kijana wa kaunta naomba H4 mbili, sitini hamsini na tano (yaani wati 60 za fulu, 55 za dimu), sitaki mbwembwe, nataka za kawaida zilizokuja na gari. Akanipa boksi limeandikwa 60/55W kubwa kabisa mbele, elfu 24 zote mbili, nikalipa, risiti ninayo. Nje ya duka kuna fundi kaweka benchi lake, akaniambia bosi nipe buku tano nakufungia sasa hivi. Kesho yake nina safari ya Moro kwenye msiba, nikampa.

Sasa sikilizeni alichofanya. Katoka kupaka grisi bearing za mtu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akaichomoa balbu kwenye boksi kwa kuishika kioo, akaifuta na lile tambara lake la oili, akaipachika. Ile raba nyeusi ya nyuma akairudisha nusu, sehemu ya chini ikabaki wazi. Nilisimama pale pale naangalia na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa sijui chochote kuhusu balbu, nikajua fundi ni fundi.

Kwenda tulienda mchana. Kurudi tukachelewa, tumeipita Chalinze saa mbili usiku, mke wangu mbele, watoto wawili nyuma wamelala. Ikaanza harufu ya plastiki inaungua, nikasema ni lori la mbele. Dakika kama kumi hivi taa ya upande wa dereva ikaanza kufifia, ikarudi, ikazima jumla. Wanaoijua ile barabara usiku wananielewa. Ukibaki na taa moja, tena ile ya kushoto, anayekuja mbele haoni gari, anaona bodaboda imejibana pembeni, hajui kwamba upande wako wa kulia kuna bodi nzima iko gizani katikati ya barabara. Lori likatoka kuovateki wenzake likinifuata usoni, nikaingiza matairi mawili kwenye vumbi, mke wangu anapiga kelele, mtoto kaamka analia. Mbele kidogo trafiki wakanisimamisha, elfu 30, na siwalaumu hata kidogo, taa kweli ilikuwa haiwaki.

Nimefika nyumbani sikulala. Asubuhi nikafungua boneti mwenyewe. Plagi, yaani ile soketi inayochomekwa nyuma ya balbu, ilikuwa haitoki, imeyeyuka ikagandana na zile pini tatu, rangi nyeupe imekuwa kahawia halafu nyeusi, na waya mmoja ngozi yake imekauka ukiukunja inapasuka kama ganda la karanga. Ndani ya taa kwa chini kuna maji, ile raba iliyoachwa wazi imeingiza. Nikaitoa balbu nikaiangalia juani. Kwenye kioo kuna alama ya kidole, nyeupe, na pale pale pameumuka kama lengelenge. Halafu nikageuza kitako, kwenye ile chuma, maandishi madogo yamegongwa: 12V 100/90W.

Boksi 60/55. Balbu 100/90. Nikatoa ya upande wa pili, vile vile.

Kwa ambaye anaona ni jambo dogo nipige hesabu. Dimu ya wati 55 kwa volti 12 inavuta ampea 4.6 hivi. Ya wati 90 inavuta 7.5. Fyuzi ya kila taa kwenye gari yangu ni ampea 10, kwahiyo fyuzi haikati, inatulia inaona mambo yako sawa, wakati huo pini za plagi joto lake limepanda zaidi ya mara mbili na nusu, kwa sababu joto kwenye pini halipandi sawa na umeme, ukiongeza umeme kidogo tu lenyewe linaruka. Plagi ilitengenezwa kwa ajili ya 60/55. Lazima iyeyuke. Hizo za 100/90 zipo kihalali kwa watu wa porini na mashindano, wanazifunga na waya wake mnene na relei yake, ile swichi ya kubeba umeme mwingi. Kumuuzia baba wa familia kwenye boksi la uongo ni kumtegea moto kwenye gari.

Nikarudi dukani. Kijana ananiambia gari lako lina waya mbovu. Namwonesha maandishi, anasema hayo ni ya kiwandani hata sisi hatujui, halafu ananioneshea kidole ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nimekuuliza kitu kwa namba zake, umenipa kitu kingine ndani ya boksi lenye namba nilizotaka, halafu karatasi ya ukutani ndio ikulinde?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe nimeifanya jana nyumbani na mikono yangu na hakuna kitu pale cha kunilipisha buku tano. Unazima taa unaacha ipoe. Upande wa betri mkono ulikuwa hauingii, nikalegeza kwa spana namba 10, negativu kwanza, nikaisogeza betri. Unachomoa plagi kwa kuivuta yenyewe, sio waya. Unavuta raba kwa vile vimasikio vyake. Ndani kuna kibanio cha waya, unakisukuma mbele kidogo unakitoa kwenye ndoano kinafunguka kama bawaba. Balbu inatoka. Mpya unaishika kwenye chuma TU, ina masikio matatu na moja la juu ni pana kuliko mengine kwahiyo haiwezi kukaa vibaya ukiwa na subira. Ukikigusa kioo, futa na spiriti na kitambaa safi, maana kile kioo kikiwaka kinafika mamia ya nyuzi joto, mafuta ya kidole yanaungua pale pale na sehemu hiyo inapata joto tofauti na nyingine. Raba unaibana mzunguko mzima mpaka ikae. Mimi imenichukua nusu saa kwa taa mbili na ilikuwa mara yangu ya kwanza. Soketi mpya nimeunga waya mmoja mmoja, hiyo ndio ilikuwa kazi. (Wenye gari za xenon msifuate haya maelezo, ile ikiwaka inapiga volti zaidi ya elfu 20, tafuteni mtu anayeijua.)

Na tafadhali asije mtu hapa kuniambia weka LED. Taa ya H4 imechongwa kwa ajili ya ule uzi ulivyokaa, chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Ukipachika LED ya mtaani mule mwanga unatawanyika unampofua anayekuja. Nimetoka kukoswa na lori, sitaki na mimi nimfanyie mtu hivyo.

Kesho naenda Tume ya Ushindani na boksi, balbu zote mbili, soketi iliyoyeyuka na risiti. Bidhaa bandia ni kazi yao na hili boksi ni uongo mtupu ulioandikwa kwa wino.

Wewe uliyebadilisha balbu karibuni, leo usiku washa dimu dakika 20 gari ikiwa imesimama, zima taa na injini, fungua boneti, sogeza mkono taratibu nyuma ya taa uguse plagi. Kama ina moto vidole havikai, usiendeshe nayo usiku, itoe usome kitako cha balbu. Boksi usiliamini. Na kama na wewe umekuta 100/90 niandikie ulinunua mtaa gani, nataka nisiende peke yangu.