Umewahi kuangalia filamu ya msanii mbishi ukatoka kimya? Tupeane uzoefu (wa Dodoma hasa)

Wakuu, salaam. Ijumaa rafiki yangu alinivuta kwenye ukumbi mmoja huku Area D, wanaonyesha filamu ya maisha halisi ya Ai Weiwei, yule msanii wa China asiyepikika chungu kimoja na serikali yake. Niseme ukweli, nilifuata soda ya bure na feni. Joto la Dodoma mwezi huu mnalijua. Viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani, watu kama thelathini.

Kwa asiyemjua: Mei 12, 2008 tetemeko lilipiga Sichuan, shule zikaangukia watoto huku majengo mengine jirani yamesimama. Wazazi walipouliza zilijengwaje, wakanyamazishwa. Jamaa akatuma watu wa kujitolea, nyumba kwa nyumba, wakarudi na majina zaidi ya 5,000 ya watoto waliokufa. Akayabandika ukutani ofisini kwake. Mwaka 2009 polisi walimpiga huko Chengdu, mwezi uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kichwa Munich. Aprili 2011 wakamkamata uwanja wa ndege Beijing, akakaa ndani siku 81.

Kuna kipande anakula nje mgahawani, polisi wanamrekodi kwa kamera, na watu wake wanawarekodi polisi. Ukumbi ulicheka! Ikaja ile orodha. Mama mmoja mbele yangu akainua kidole, anafuata mistari taratibu, kama mzazi mbele ya ubao wa matokeo. Hapohapo umeme ukakatika. Tulikaa gizani karibu robo saa. Hakuna aliyetoka, wala aliyewasha tochi ya simu.

Haya, nani mwingine yamemkuta?

mzabibu_wa_hombolo: Nilikuwepo. Mkuu umeruka jambo moja: kwenye mjadala baada ya filamu, yule aliyeuongoza alituomba "tusiingize ya hapa kwetu". Mtu umekaa saa moja na nusu unamtazama mzee wa watu anavyosumbuliwa, halafu unaambiwa uongelee rangi na mwanga. Nilinyanyuka nikaenda kula chipsi.

kibandani_changombe: Ina mkalimani au maandishi ya Kizungu chini? Kwetu kibanda umiza bila mkalimani hukai.

fundi_kizota: Sanaa mtaniambia nyie, mimi ni fundi. Nilichokiona mtandaoni ni kazi yake nyingine: alinunua nondo zilizopinda kwenye vifusi vya shule zile, tani kama 150, mafundi wakazinyoosha kwa nyundo mojamoja. Hamuelewi hiyo kazi. Nondo ya milimita 12 hata ukiigonga kutwa inabaki na vijiwimbi, macho hayaoni ila ukipitisha kidole unavisikia. Na mimi nimeshaambiwa na bosi, jengo la watu wengi, "weka milimita 10, nani atapasua zege aangalie?" Niliweka. Nina mke na watoto. Tangu nione zile nondo kila mvua kubwa ikinyesha naikumbuka ile nguzo.

mzabibu_wa_hombolo: Fundi!! Jengo gani hilo?

fundi_kizota: Sio hapa mjini.

binti_mpwapwa: Mimi hiyo orodha ningeshindwa kuimaliza. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagonga ya mizigo, huku kwetu Igandu. Watu 281. Baba mdogo alikuwa anatoka Dar kuja Dodoma. Bibi alizunguka siku tatu pale uwanjani walipolazwa maiti, hakumwona. Wasiotambulika walizikwa pamoja Maili Mbili. Bibi akaamua yuko pale, basi. Kila Juni tunaenda, yeye anachagua sehemu yoyote anamwaga maji.

mleta mada: Pole sana dada. Alikuwa mtu wa kazi gani, baba mdogo?

binti_mpwapwa: Fundi saa. Kuna saa tatu za watu bado ziko kabatini kwa bibi, na vikaratasi vyake. Kimoja kimeandikwa "ya mwalimu, aje Jumanne".