Msaada: fonti ya kizamani kwa lebo ya dagaa

dagaa_kirumba: Wakuu, habari za jioni. Nafungasha dagaa wa kukaanga hapa Kirumba, nauza madukani na kwa abiria wa stendi ya Nyegezi. Lebo nataka iandikwe DAGAA WA MWANZA kwa herufi za serifu, zile zenye vijimkia, zilizochorwa kwa mkono na kuchakaa, kama majina ya mitumbwi pale Mwaloni rangi ikishaanza kubanduka. Nimepakua fonti moja ya bure, kwenye simu inavutia kweli. Kijana wa stika kanichapia, imetoka madoadoa matupu. Shangazi kaniuliza kama wino uliwaishia. Tatizo fonti au mchapaji?

wino_mzito: Mkuu, kijana hana kosa. Mikwaruzo ya fonti hizo imechorwa kwa ajili ya bango. Ukiishusha hadi kwenye lebo ya pakiti, vitundu vinaziba au vinaonekana uchafu. Halafu hesabu A zako: sita! Fonti nyingi za bure zina A moja tu, kwa hiyo kovu lile lile linajirudia mara sita, tena pale kwenye DAGAA mbili zimekaa bega kwa bega. Herufi iliyochakaa kweli haifanani na mwenzake. Fonti nzuri huwa na A mbili tatu zinazopishana zenyewe. Kama yako haina, yageuze maandishi kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari unaoweza kuurekebisha, kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, kisha kila A izibe makovu iliyokuja nayo na uichonge upya.

karatasi_kavu: Au jaribu IM Fell. Asili yake ni herufi za chapa ambazo Askofu John Fell, aliyefariki 1686, aliziachia Chuo Kikuu cha Oxford. Igino Marini akazifanya fonti za kompyuta, ziko Google Fonts na leseni inaruhusu biashara. Hazina mikwaruzo, ila kingo zimetetemeka kama wino ulionywewa na karatasi. Na hiyo uliyopakua soma leseni yake. Ikisema matumizi binafsi, pakiti ya kuuza haimo.

brashi_igoma: Oxford ya nini na mitumbwi iko Mwaloni? Mie naandika mabango. Brashi bapa ukiituliza mwisho wa mstari, kijimkia kinakuja chenyewe na kinaficha ncha iliyopinda. Chukua manila, andika maneno yote, kila herufi ukubwa wa kiganja. Rangi ikikauka pitisha msasa laini, usikazane, piga picha kivulini ndipo uingize hiyo Inkscape yenu. Ni herufi 13, fonti nzima ya kazi gani?

dagaa_kirumba: 13, kweli bwana. Kesho natafuta manila. Na uzito na tarehe ya kuisha niweke hizo za Fell?

wino_mzito: Hapana mkuu, hapo weka herufi za kawaida, safi. Tarehe ikionekana imechakaa, mteja atajua dagaa nao wamechakaa.