Nimesoma Kifaransa tangu utoto, lakini Kifaransa cha Wamarekani kinanitoa jasho

MtotoWaKivu: Ndugu zangu, salamu. Mimi ni wa Bukavu, shule yote nimesomea Kifaransa. Sasa nina miezi mitano nahudumia meza kwenye mgahawa huku Ohio. Juzi mteja kaniambia anataka "entrée" tu. Kwetu entrée ni cha kufungulia mlo, nikampelekea saladi. Kumbe mwenzangu anasubiri nyama! Patron kanifokea mbele ya watu. Na wakati naomba kazi waliniambia nilete "résumé", nikawaandikia muhtasari wa maisha yangu, kurasa mbili. Nifanyeje? Niwasahihishe au niwaige?

Kalamu Butu: Pole mkuu. Maneno hayo yalishabadili uraia. Huko Marekani entrée ndiyo chakula chenyewe, na résumé ni CV. Kuanzia Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kinabeba tu: hata "beef" ni "bœuf" yenu hiyohiyo. Waige, ulipwe.

Mama Neema: Mimi niko Dar, kadi za harusi zote zina R.S.V.P. na chini yake namba za simu za kamati. Miaka yote nilijua ni cheo cha huyo mwenye namba 🙈

MtotoWaKivu: Hahaha mama! Ni "répondez s'il vous plaît", tafadhali jibu.

Mama Neema: Basi tuna kadi hapa imeandikwa "please RSVP". Tumebembeleza mara mbili.

Mzee wa Kona: Kuiga sawa, ila si kila kitu. "Coup de grâce", lile pigo la kummalizia anayeteseka, wengi huko wanatamka "ku de gra". Wanadhani Kifaransa ni kumeza kila herufi ya mwisho. Mfaransa akisikia hivyo anaelewa "gras": pigo la mafuta. Na ukienda kwenye muziki usishangae wakipiga kelele "encore" wakitaka msanii arudie. Paris wanaita "bis".

Kalamu Butu: Mzee, jamaa anauza chakula, hayo ya muziki yatamsaidia nini? Mkuu, kabla hujaenda jikoni mrudie mteja oda kwa jina la chakula: kuku, samaki, steki. Achana na entrée kabisa.

MtotoWaKivu: Hiyo nimeichukua, asante kaka. Leo naingia zamu ya jioni. Kwenye menyu kuna nyama "with au jus", yaani nyama pamoja na na mchuzi wake. Nitameza mate, nitaandika oda.