Bunduki ya kiwandani kupiga "MOA moja": uwezo wa bunduki au ujanja wa matundu matatu?

Mlengambali:

Wakuu, ubishi huu nauleta hapa kwa sababu kila wanapokutana wenye leseni unaishia kwenye kelele. Bunduki iliyotoka dukani, haijabadilishwa mtutu, haijaguswa kitako wala kifyatulio, inaweza kweli kupiga MOA moja kama matangazo yanavyodai?

Kwa asiyejua, MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii moja. Kwa mita 100 ni milimita 29, kwa mita 300 ni milimita 87. Ukiambiwa bunduki ni ya MOA moja, maana yake ukipiga mita 100 yale matundu mawili yaliyoachana zaidi kwenye karatasi hayazidi milimita 29, katikati hadi katikati. Matundu hayo ya risasi kwa pamoja ndiyo tunayoyaita kundi.

Msimamo wangu nautoa mapema: bunduki za kiwandani za leo ni nzuri kuliko zilivyowahi kuwa, lakini hiyo "MOA moja" haina maana yoyote mpaka uambiwe ni kwa risasi ngapi.

Tazameni ahadi zenyewe. Tikka ya Ufini huuzwa kwa dhamana ya MOA moja kwa risasi 3. Sako, nduguye wa kiwanda kilekile cha Riihimäki, huahidi MOA moja kwa risasi 5. Weatherby Vanguard, bunduki yenye jina la Kimarekani ambayo kiini chake hutengenezwa na Howa wa Japani, huahidi kundi la risasi 3 lisilozidi inchi 0.99 kwa yadi 100, mtutu ukiwa baridi, kwa risasi za Weatherby wenyewe au nyingine za daraja la juu. Masharti yote hayo yameandikwa, hakuna aliyefichwa kitu. Ila mnunuzi husoma "chini ya MOA" akaishia hapo.

Sasa hesabu. Chukua bunduki inayotawanya risasi zake sawasawa kila upande. Kundi la risasi 3 kwa wastani litakuwa na upana wa mara 2.4 ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi risasi zinavyotawanyika kutoka katikati. La risasi 5, mara 3.07. La risasi 10, mara 3.8. Hakuna kilichobadilika kwenye bunduki, umeongeza risasi tu, na kundi limetanuka. Kwa hiyo bunduki ambayo kweli hupiga MOA moja kwa risasi 3 itakupa takriban MOA 1.6 kwa risasi 10. Na Sako wanapoahidi MOA moja kwa risasi 5 wanabeba mzigo mzito zaidi kuliko wa risasi 3, ingawa kwenye tangazo namba inasomeka ileile.

Kuna kingine kibaya zaidi. Kundi la risasi 3 huyumba sana lenyewe kwa lenyewe. Bunduki ambayo wastani wake ni MOA 1.25 kwa risasi 3 itashuka chini ya MOA moja karibu mara tatu kati ya kumi, bahati tu. Piga makundi matatu, na uwezekano wa kupata walau moja la kupiga picha unakaribia theluthi mbili. Hilo moja ndilo tunaloletewa humu. Mengine yamebaki renji kwenye pipa la taka.

Sisemi viwanda havijafanya kazi. Zamani bunduki ya dukani ikipiga MOA 2 au 3 mwenyewe alishukuru, na aliyetaka zaidi alimtafuta fundi. Leo mitutu mingi hufuliwa baridi kwa nyundo za mashine kuzunguka kiini kigumu chenye umbo la mifereji, mbinu ambayo Wajerumani waliitumia kwenye mitutu ya bombomu wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Savage wa Marekani nao, tangu modeli yao ya 110 ya mwaka 1958, wanafunga mtutu kwa nati, hivyo nafasi ya risasi chemberini hurekebishwa barabara bila kumtegemea bingwa wa mashine ya kukereza chuma. Vitako vya plastiki havinywi maji. Mtutu hauguswi na kitako. Mambo ambayo fundi alikuwa akikulipisha, sasa yamo ndani ya bei.

Na mifano ya zamani ipo. Mwaka 1966 kikosi cha Marine cha Marekani kilichukua Remington 700 yenye mtutu mzito, kikaipa darubini na jina la M40, kikaipeleka Vietnam kwa wadunguaji. Mtutu haukuwa na tatizo. Kilichowasumbua ni kitako cha mbao kuvimba kwa unyevu na kuubana mtutu, na ndiyo maana M40A1 ya miaka ya 1970 ikaja na kitako cha faibaglasi. Wenzangu wa Tanga na Mombasa mnaotunza bunduki za mbao mnalijua hilo.

Karibuni. Mwenye matundu kumi mfululizo, mtutu uleule, karatasi ileile, alete.

Karua wa Kilombero:

Mleta mada, umeandika vizuri sana ila umeandika kama mtu wa karatasi. Mimi nimefanya kazi ya uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania. Huko hakuna anayepiga risasi kumi. Kuna risasi moja, mtutu baridi, na mgeni anayehema.

Nyati tunamsogelea mpaka mita 80, pengine 50. Bunduki ni .375 H&H, kaliba iliyotoka mwaka 1912 na bado haijapata mrithi pale kwetu. Eneo la moyo na mapafu ya nyati ni kubwa. Hata swala pala, mnyama mdogo, ana sentimita 15 hivi za kuaminika nyuma ya bega. Kwa mita 100 bunduki mbovu ya MOA 3 inatawanya sentimita 9. Bado imo ndani.

Kwa hiyo dhamana ya risasi 3 kwa mtutu baridi, unayoicheka, ndiyo dhamana pekee inayofanana na kazi yangu. Risasi ya nane na ya tisa kwenye mtutu uliochemka zinamhusu mtu wa mashindano. Zisinihukumie bunduki.

Nikwambie na kingine: wageni wanaokuja na bunduki za fundi zenye vifyatulio laini kama siagi ndio wanaotutia presha. Glavu, baridi ya alfajiri, kidole kimegusa kidogo tu, imeondoka. Kifyatulio cha kiwandani kizito kidogo nakipenda hivyohivyo.

Fundi Vipimo:

Naongezea namba kwa Karua, maana anasema kweli bila kutaja kwa nini.

Makosa hayajumlishwi moja kwa moja. Unayapandisha kipeo cha pili, unajumlisha, unatafuta kipeuo. Mpigaji akitumia magongo matatu ya kuegemezea bunduki porini tuseme yeye mwenyewe ni wa MOA 4. Mpe bunduki ya kiwandani ya MOA 1.5: jumla ni MOA 4.27. Mnyang'anye, mpe ya fundi ya MOA 0.5, ya bei mara tatu: jumla ni MOA 4.03. Tofauti kwa mita 100 ni milimita 7. Upana wa penseli.

Bunduki ya fundi huanza kulipa pale mpigaji mwenyewe anapofika MOA 1 au chini yake, amelala, ana bipodi (miguu miwili ya kuegemezea mtutu), ana mfuko wa mchanga nyuma. Wangapi humu? Na hata hapo upepo unamngoja. Risasi ya kawaida ya .308 ikikutana na upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni husukumwa sentimita 20 hivi au zaidi kwa mita 300. Hiyo ni zaidi ya MOA 2 zilizoliwa na hewa, na hakuna kiwanda kinachotoa dhamana ya hewa.

Kwa hiyo Mlengambali, hesabu yako ya risasi 3 na 10 ni sahihi, lakini unapigania nusu MOA ambayo asilimia kubwa ya wenye bunduki hawawezi kuiona.

Mswahili wa Bern:

Habari zenu. Niko Uswisi, kwa shemeji zangu, na huku jambo mnalobishania lina siku yake ya kitaifa. Kila mwaka karibu na mwisho wa Mei kunapigwa Feldschiessen. Washiriki ni zaidi ya laki moja, vijiji vizima, bibi na wajukuu. Umbali kwa bunduki ni mita 300. Risasi ni 18: sita moja moja, kisha mizunguko ya haraka ya risasi 3, tena 3, na mwisho 6. Pointi za juu kabisa 72.

Bunduki? Ni za jeshi. Wengi wanapiga na Stgw 90, ile SIG 550 ambayo askari wa akiba huiweka nyumbani kabatini. Wazee wanakuja na K31 au Stgw 57. Darubini hakuna, unalenga kwa tundu na nguzo. Vifaa vya ziada vinavyokubalika vimeorodheshwa, nje ya orodha unarudishwa. Na kila mwaka kuna watu wanaondoka na 72 kwa bunduki hizohizo.

Mlengambali utafurahi kwamba risasi zote 18 zinahesabiwa, huchagui tatu nzuri. Lakini nina ugomvi na wewe pia. Unapima upana wa kundi peke yake. Kundi la nusu MOA lililotua pembeni ya shabaha ni sifuri. Huku hakuna anayekuuliza kundi lako lina upana gani, unaulizwa una pointi ngapi, yaani kundi liko dogo NA liko katikati. Bunduki inayobana risasi lakini kesho imehamia kushoto sentimita tano ni bunduki mbovu, na matangazo ya MOA hayaligusi hilo kabisa.

La pili, risasi. Zinazotumika ni za serikali, GP 11 kwa K31 na GP 90 kwa Stgw 90, na sifa ya GP 11 inajulikana duniani kote. Toeni bunduki yoyote ya kiwandani risasi za bei rahisi zilizochanganywa za matoleo matatu tofauti, halafu msiilaumu bunduki.

Mwana wa Keya:

Babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Walikuwa na Lee-Enfield, na baadaye ile fupi ya No. 5. Wanajeshi wengi wa Kiingereza walilalamika kwamba No. 5 haishiki shabaha, unairekebisha leo, kesho imehama. Wakusanyaji wa siku hizi wanabisha, wanasema zao zinapiga vizuri tu. Ndugu wa Bern umenikumbusha hilo.

Sasa linganisheni na No. 4 (T) ya wadunguaji. Haikuundwa kama bunduki maalumu. Walipima No. 4 za kawaida kiwandani, zilizobana risasi vizuri zikatengwa, zikapelekwa kwa Holland & Holland zifungwe darubini na kiegemeo cha shavu. Mashine zilezile, chuma kilekile, moja ikatoka ya mdunguaji na jirani yake ikaenda kwa askari wa kawaida.

Ndiyo maana nasema nyote mnahesabu risasi na mmesahau kuhesabu bunduki. Mtu ana Tikka moja nzuri anatuambia "Tikka zinapiga". Wewe una moja. Hapa Kenya tangu Aprili 2021 tuna kiwanda Ruiru kilichotangazwa kuweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Swali la raia mlipa kodi: katika hizo, ngapi hupelekwa shabahani kabla ya kukabidhiwa askari, na kwa risasi ngapi kila moja? Hilo lina uzito kuliko kundi la mtu mmoja wikendi.

Mlengambali:

Mwana wa Keya, hoja yako naibeba nzima. Bunduki moja si ushahidi wa kiwanda.

Bern, nakubali kuhusu katikati ya shabaha, ila usichanganye mambo mawili. Kundi likiwa dogo pembeni, unazungusha kitufe cha darubini limekuja katikati. Kundi likiwa kubwa hakuna kitufe. Kuhamahama kwa siku na siku, hapo sawa, na dawa yake ni ileile yangu: piga risasi nyingi, kwa siku tofauti, kwenye karatasi moja.

Karua, wewe ndiye sikubaliani naye kabisa. Unasema risasi yako ni moja, ya mtutu baridi. Sawa. Basi pima hiyo! Risasi moja ya mtutu baridi kila asubuhi, karatasi moja, asubuhi kumi. Ukimaliza una matundu kumi ya mtutu baridi, na nakuhakikishia kundi lake halitafanana na lile la risasi 3 lililokuja kwenye boksi. Dhamana unayoitetea inapiga zote tatu kikao kimoja, jua lilelile, mpigaji yuleyule ametulia mezani. Haifanani na kazi yako hata kidogo.

Fundi Vipimo, wanaojiita wa MOA 4 ni wengi, kweli. Lakini muuzaji hakumwambia mteja "wewe ni wa MOA 4". Alimwuzia MOA moja, kwa bei ya MOA moja.

Karua wa Kilombero:

Asubuhi kumi? Mkuu, unajua boksi la .375 linauzwa bei gani siku hizi, na ngapi zinaruhusiwa kwenye leseni? Na hilo bega nitaliazima kwa nani? Nitapiga tano. Karatasi nitaiweka hapa hata ikiniumbua, na wewe uweke ya kwako ya risasi kumi, siyo ya mita 50.